Mwalimu Anaporudi Chuoni Kusomea Usaidizi wa Darasa

Nchini Tanzania, wakati wangu, miaka miwili ya chuo cha ualimu baada ya kidato cha nne ilitosha kumfanya mtu awe mwalimu kamili wa shule ya msingi. Nilihitimu kwa cheti cha Daraja la IIIA, nikapangiwa kituo mkoani Kigoma, nikakabidhiwa darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, na tangu hapo hakuna aliyeniingilia mbele ya ubao isipokuwa mkaguzi alipopita. Nchini Marekani, miaka miwili ya chuo ilinipa kibali cha kukaa pembeni ya mwalimu na kufanya kile atakachonielekeza. Nilipowaeleza watu wa nyumbani kwa simu kwamba nimerudi shule kusomea kazi ya msaidizi wa darasa, kaka yangu mkubwa alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa upole kama kile cheti cha zamani kilikuwa kimeliwa na mchwa.

Swali lake ndilo ninaloulizwa na walimu wenzangu hapa Louisville, Kentucky, mji wenye familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa za Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki. Wengi wa walimu hao hufanya kazi za usiku kwenye maghala ya vifurushi au hutunza wazee, na wakisikia kwamba shule zinatafuta wasaidizi huona kwamba hiyo ni kushuka daraja mara mbili: kwanza unarudi kuwa mwanafunzi, halafu unahitimu na bado huitwi mwalimu. Nami nilijiandikisha nikiwa na mawazo hayohayo. Niliyoyakuta chuoni yalinionyesha kwamba usaidizi wa darasa una ujuzi wake, tena ujuzi ambao ualimu wangu wa awali haukuwahi kunidai hata mara moja, nao ni ule wa kumwacha mtoto afanye mwenyewe huku wewe ukiwa karibu.

Nianze na sharti la kusoma, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba msaidizi anahitaji moyo wa upendo tu. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Januari 2002, iliyojulikana kwa jina la No Child Left Behind, ilielekeza kwamba msaidizi anayeshiriki katika ufundishaji kwenye shule zinazopokea fedha za shirikisho kwa ajili ya watoto wa familia maskini awe amemaliza sekondari na zaidi ya hapo awe na kimoja kati ya vitatu: miaka miwili ya masomo ya chuo, au shahada ya miaka miwili, au mtihani unaothibitisha kwamba anaweza kusaidia katika kusoma, kuandika na hisabati. Sheria iliyochukua nafasi yake mwaka 2015 ilibadilisha mengi kuhusu walimu, lakini matakwa ya wasaidizi yalibaki. Mtihani unaotumika katika majimbo mengi ni ParaPro, wenye maswali 90 ya kuchagua jibu kwa muda wa saa mbili na nusu, na alama za kufaulu hupangwa na kila jimbo. Mtu aliyesoma sekondari vizuri na ambaye Kiingereza chake hakimsumbui anaweza kuufanya akajipatia kazi bila kukanyaga chuo.

Mimi nilichagua chuo kwa sababu mbili. Cheti changu cha ualimu kilipopelekwa kutathminiwa kilihesabiwa kuwa mafunzo ya kazi baada ya sekondari, wala hakikunipa hata krediti moja, yaani kipimo cha masomo kinachohesabiwa kuelekea shahada, na katika nchi hii mwalimu anatakiwa awe na shahada ya kwanza. Mtihani ungenipeleka darasani haraka na kuniacha hapohapo, ilhali masomo ya miaka miwili yangeweza kuwa nusu ya safari ya kurudi kwenye ualimu. Sababu ya pili ilikuwa woga. Niliwahi kuingia katika shule ya mtoto wangu nikaona chumba chenye watoto wasiozidi ishirini na watu wazima watatu, mmoja akifundisha, wa pili akiwa ameketi na mtoto mwenye kiti cha magurudumu, wa tatu akimwonyesha msichana kadi za picha, na sikuelewa hata mmoja wa wale wawili alikuwa akifanya nini hasa.

Hapa lipo jambo ambalo ningependa kila anayefikiria njia hii alijue kabla hajajaza fomu. Shahada ya miaka miwili ina sura mbili kuu. Ipo inayoandikwa AA, iliyotengenezwa ili krediti zake zipokelewe na chuo kikuu unapotaka kuendelea, na ipo inayoandikwa AAS, iliyotengenezwa ili umalize na kuingia kazini moja kwa moja, yenye masomo mengi ya vitendo ambayo chuo kikuu kinaweza kuyakataa. Zote mbili huwa na krediti zipatazo 60, zote huchukua miaka miwili kwa anayesoma muda wote, na majina ya programu zake hufanana kiasi kwamba mgeni hawezi kuzitofautisha kwenye kijitabu cha chuo. Mshauri wa masomo hakukosei kwa makusudi akikuweka kwenye ile ya pili, kwa sababu umemwambia unataka kuwa msaidizi, naye amekupa njia fupi ya kuwa msaidizi. Ni lazima umwambie unataka kuwa nani baada ya hapo, na umwombe akuonyeshe kwa maandishi makubaliano ya chuo chake na vyuo vikuu vya jirani kuhusu krediti. Kuhusu ada, nilipojiunga, wakimbizi na wenye ukaazi wa kudumu waliweza kuomba ruzuku ya Pell kutoka serikali ya shirikisho, ambayo haidaiwi kurudishwa kama mkopo, na kwa chuo cha jamii, yaani chuo cha masomo ya miaka miwili kama changu, ruzuku hiyo ilifunika sehemu kubwa ya gharama zangu. Aliyekuja kwa viza ya masomo hana mlango huo.

Karibu nusu ya masomo hayakuhusu shule hata kidogo. Kulikuwa na uandishi wa Kiingereza, hisabati, saikolojia ya jumla, somo moja la sayansi na jingine la kuzungumza mbele ya watu, ambalo mwalimu wa zamani hulifaulu akiwa amelala. Uandishi ulinitesa, hasa zile kurasa za tafakari ambamo mwanafunzi hutakiwa aandike alihisi nini na kwa nini, kwani katika chuo chetu cha ualimu hakuna mkufunzi aliyewahi kutaka kujua nilihisi nini. Lakini jambo moja la zamani liliniokoa. Kila aliyefundisha Tanzania anakumbuka andalio la somo na ile sentensi yake, kwamba ifikapo mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kufanya jambo fulani linaloonekana na kupimika. Katika kozi ya watoto wenye mahitaji maalumu tulitakiwa kuandika malengo ya mfano ya mwaka mzima kwa mtoto mmoja, na vijana wa darasa letu waliandika kwamba mtoto ataboresha usomaji wake. Mkufunzi aliwarudishia kazi zao akiuliza ataboresha kutoka wapi hadi wapi na nani atapima kwa kipimo gani. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba, akipewa aya ya maneno hamsini ya kiwango cha darasa la pili, ataisoma kwa sauti bila kukosea maneno zaidi ya matano. Sikuwa na akili kuwashinda wale vijana. Nilikuwa nimekaguliwa sana maishani.

Kozi iliyonibadilisha zaidi ni ile ya sheria za elimu, ambayo niliiogopa kuliko zote. Ndani yake nilijifunza kwamba nchi hii, ambayo sisi wageni tunaiona imekamilika, ilikuwa ikiwafungia nje watoto wenye ulemavu hadi juzijuzi tu. Sheria iliyosainiwa na Rais Gerald Ford tarehe 29 Novemba 1975 ilitaja ndani yake kwamba watoto milioni moja wenye ulemavu walikuwa wametengwa kabisa na shule za umma. Sheria hiyo, ambayo mwaka 1990 ilipewa jina la IDEA linalotumika hadi leo, ilimpa kila mtoto wa namna hiyo haki ya elimu ya bure inayomfaa, katika mazingira yasiyomtenga na wenzake kupita inavyolazimu, chini ya mpango ulioandikwa kwa ajili yake peke yake, ambao shuleni kila mtu huuita IEP, na mzazi awe mezani mpango huo unapoandikwa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mtoto Endrew dhidi ya wilaya ya shule ya Douglas huko Colorado, ilisema kwamba maendeleo madogo mno hayatoshi, na kwamba mpango lazima ulenge hatua inayolingana na hali ya mtoto.

Nilipokuwa nikisoma kurasa hizo nilimkumbuka msichana mmoja wa darasa langu kule Kigoma ambaye hakusikia vizuri. Nilimkalisha mbele, nikapaza sauti, na nadhani kwa mazingira yale nilifanya lililowezekana. Shule ya viziwi ya Tabora ilikuwapo, kama ilivyokuwapo shule ya wasioona ya Buigiri kule Dodoma, lakini kumpeleka mtoto mbali kiasi hicho kulihitaji nauli, nafasi na mzazi mwenye ujasiri. Tofauti niliyoiona darasani Kentucky haikuwa katika huruma ya walimu. Ilikuwa katika karatasi. Huku mzazi anaweza kuweka IEP mezani na kuuliza kwa nini dakika thelathini za tiba ya usemi zilizoandikwa humo hazikutolewa wiki iliyopita, na mwalimu mkuu analazimika kumjibu.

Karatasi hiyohiyo humwekea msaidizi mipaka, na mipaka hiyo ndiyo iliyonisumbua mimi niliyezoea kutawala ubao. Msaidizi hapangi somo jipya, haamui mtoto apewe kazi gani badala ya nyingine, wala hampi mzazi tathmini ya maendeleo. Hufanya kazi chini ya usimamizi wa karibu wa mwalimu mwenye leseni, na ile sheria ya mwaka 2002 iliorodhesha anayoruhusiwa: kumfundisha mtoto mmojammoja kwa muda ambao mtoto huyo hangekuwa akifundishwa na mwalimu, kusaidia kupanga na kutuliza darasa, kusaidia maktaba au chumba cha kompyuta, kushughulika na wazazi, kutafsiri, na kusaidia ufundishaji kwa maelekezo ya mwalimu. Mwanzoni niliisoma orodha hiyo kama mtu anayesomewa makosa yake. Nilipoanza mafunzo kwa vitendo nikaona inamlinda msaidizi mwenyewe, kwa maana mwalimu mwenye haraka anaweza kabisa kumkabidhi msaidizi mtoto mgumu asubuhi na kumpokea jioni, na asipojua sheria msaidizi atakubali akidhani ameaminiwa.

Mafunzo hayo yalifanyika katika shule ya msingi, na mtoto niliyepangiwa alikuwa mvulana wa darasa la tatu aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mwendo usio mrefu kutoka kituo changu cha zamani. Alikuwa na IEP kwa ajili ya ugumu wa kusoma, na juu yake alikuwa bado anajifunza Kiingereza. Kabla yangu alikuwa ameshapitia mikononi mwa wasaidizi kadhaa wenye nia njema, na alikuwa amejenga ustadi wake wa pekee. Ukimwekea swali lenye majibu manne, kidole chake kilipita polepole juu ya kila jibu huku macho yake yakiwa usoni mwangu, na kidole kilisimama pale uso wangu ulipolegea. Majibu yalikuwa sahihi karibu yote. Alikuwa amejifunza kusoma watu wazima, na kwa hilo alikuwa hodari kuliko mtoto yeyote darasani.

Katika wiki zilezile tulikuwa tukisoma chuoni makala ya mwaka 1997 ya Michael Giangreco wa Chuo Kikuu cha Vermont na wenzake, waliochunguza jinsi wasaidizi walivyokaa karibu na wanafunzi wenye ulemavu madarasani. Waliyoyaona ni kwamba msaidizi asiyebanduka ubavuni mwa mtoto humtenga na wenzake, humfanya amtegemee mtu mzima kwa kila kitu, na humpa mwalimu mwanya wa kujiweka mbali na mwanafunzi wake mwenyewe. Nchini Uingereza utafiti mkubwa ulioongozwa na Peter Blatchford, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta jambo lililowashtua wengi: wanafunzi waliopata msaada zaidi kutoka kwa wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao waliofanana nao waliopata msaada kidogo. Watafiti hao hawakuwalaumu wasaidizi. Walionyesha kwamba shule ziliwatumia vibaya, zikiwaweka wanafunzi wenye mahitaji makubwa na mtu mwenye mafunzo madogo, mbali na mwalimu, na kwamba wasaidizi wengi walijali kazi ikamilike kuliko mtoto aelewe.

Darasa letu la chuo lilipokea habari hizo kwa uzito, kwa kuwa nusu yetu tulikuwa tayari tunafanya kazi hiyo. Mama mmoja wa makamo, Mmarekani aliyekuwa msaidizi kwa miaka mingi, aliuliza waziwazi kama tunalipa ada ili kuambiwa kwamba tunadhuru watoto. Mkufunzi alimjibu kwa kufungua somo la ngazi za msaada, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha shahada nzima. Mtoto akikwama, msaidizi huanza na msaada mdogo kabisa: hungoja. Akiendelea kukwama, huonyesha kwa kidole mahali pa kutazama. Kisha humkumbusha kwa neno. Kisha humfanyia mfano mmoja kando. Na kumshika mkono ni ngazi ya mwisho. Kila inapowezekana hushuka ngazi moja, hadi asihitajike. Kuhusu kungoja tulisoma kazi ya Mary Budd Rowe, aliyegundua katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida hungoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wakingoja sekunde tatu au zaidi majibu ya watoto hurefuka na hata walio kimya huanza kusema.

Sekunde tatu ni nyingi sana kwa mtu aliyefundisha kwa kuitikiwa. Katika darasa langu la Kigoma niliuliza, darasa zima likaitikia kwa pamoja, nikaendelea, na kwa watoto wengi kiasi kile sijui kama ningeweza kufanya vinginevyo. Sasa nilitakiwa kuuliza mtoto mmoja swali moja na kuhesabu moyoni huku nikitazama dirishani ili uso wangu usimpe jibu. Kwa ruhusa ya mwalimu nilihamisha kiti changu nikakaa nyuma ya yule mvulana, mahali ambapo angelazimika kugeuka mwili mzima ili kunisoma. Alama zake zilianguka mara moja. Mwalimu, ambaye alikuwa ameyatarajia hayo, aliniambia kwamba hizo ndizo alama zake za kweli za kwanza mwaka ule, akazichukua na kupanga upya kazi zake za kusoma akianzia mahali alipokuwa hasa. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa akisoma aya fupi na kijana mwenzake wa Kimarekani, wakigombana juu ya nani amesoma vibaya, nami nikiwa upande wa pili wa chumba nikichonga penseli.

Somo la tabia za watoto nitalipitia kwa ufupi, ingawa najua ndilo linalowavutia wengi. Mimi nimetoka katika mfumo ambamo kiboko kilikaa mezani pamoja na chaki, hata kama kanuni za mwaka 1979 zilimpa mwalimu mkuu peke yake, au aliyemteua, mamlaka ya kukitumia. Chuoni tulifundishwa kuandika mambo matatu kila mtoto anapozua vurugu: kilichotangulia, alichofanya na kilichofuata. Kulikuwa na msichana aliyesukuma kiti chake hadi kikaanguka, na kila mara alitolewa nje. Tulipoyaweka maandishi pamoja tukaona kwamba kiti kilianguka muda mfupi kabla ya zamu yake ya kusoma kwa sauti, na kwamba kutolewa nje ndiko alikokutaka. Alipopewa nafasi ya kusoma na mwalimu peke yake kwanza, kiti kilitulia. Ningemchapa kule nyumbani angeacha kusukuma kiti, na nisingejua kamwe kwamba hajui kusoma.

Lililobaki ni la lugha, na hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mzigo ambao wenzetu hawana. Shule ikijua unazungumza Kiswahili, utaitwa. Utaitwa mtoto akilia, utaitwa basi likichelewa, na siku moja utaitwa kwenye kikao cha IEP ukae kati ya mzazi na watu sita wenye mafaili. Sheria ya IDEA inaitaka shule ichukue hatua zote zinazohitajika ili mzazi aelewe kinachosemwa kikaoni, ikiwa ni pamoja na kumpa mkalimani, na hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1974 katika kesi ya Lau, iliyoletwa na familia za wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, ilishasema kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza vitabu vilevile na mwalimu yuleyule si kumpa usawa. Lakini kujua lugha mbili hakumfanyi mtu kuwa mkalimani, na chuo kilitufundisha kuuliza kabla ya kuketi: je, leo niko hapa kama msaidizi wa mtoto huyu, mwenye maoni yangu, au kama mkalimani asiye na maoni? Mtu mmoja hawezi kuwa wote wawili katika kikao kimoja.

Nilikaa katika kikao kimoja kama mkalimani, na mama wa mtoto, Mkongo wa Kivu, alisikiliza maelezo marefu ya mwanasaikolojia wa shule kuhusu ugumu wa kujifunza, kisha akanigeukia mimi, si wao, akasema: «Mwalimu, mutoto yangu haiko mugonjwa.» Nilitamani sana kumjibu mwenyewe, kumwita mama fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza, kumwambia kwamba hakuna aliyesema ni ugonjwa na kwamba hata sisi kule kwetu tulikuwa na watoto kama huyu tukawaita wavivu. Nilichofanya ni kuwatafsiria wale sita maneno yake jinsi yalivyo. Kukawa kimya, kisha mwalimu wa elimu maalumu akaweka kalamu chini, akaanza kueleza upya kwa maneno mepesi kabisa, akimtazama yeye usoni, na mama akauliza maswali yake yote kwake. Ningejibu mimi, mama angeondoka na ufafanuzi wa msaidizi, na kesho yake asingekuwa na mtu wa kumdai zaidi yangu.

Jumuiya yetu ni ndogo, na mambo ya shule hukufuata hadi kanisani na kwenye sherehe. Katika harusi mtu huja na sahani yake, anakuamkia vizuri, anauliza habari za nyumbani, halafu anashusha sauti: yule mtoto wa fulani, ni kweli wamemweka darasa la wale? Sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi inakataza shule kutoa habari zao bila idhini ya mzazi, na msaidizi ni sehemu ya shule hata akiwa amevaa gauni la harusi. Nimejizoeza kujibu kwamba mzazi wake yuko meza ile pale. Wapo walioniona ninaringa, na nimewaacha wanione hivyo, kwani wao wenyewe, wakiwa wazazi, wananipa watoto wao kwa amani zaidi kwa sababu hiyo.

Kuhusu malipo nisiwapambe walimu wenzangu. Mahali pengi msaidizi hulipwa kwa saa, kwa kiwango kinachoweza kushindwa na ghala la vifurushi, na majira ya joto shule zikifungwa mapato husimama pia. Kilichonivuta ni bima ya afya, ratiba inayolingana na ya watoto wangu, na zile krediti. Nilichagua AA, na chuo kikuu nilichojiunga nacho kilizipokea karibu zote, kikakataa ile ya teknolojia darasani kwa maelezo kwamba wao wana ya kwao. Sasa nasoma jioni, nikielekea shahada ya kwanza ya elimu maalumu, na mchana niko kwenye shule ileile niliyofanyia mafunzo. Mwalimu ninayesaidiana naye ameanza kuniachia dakika kumi za mwanzo wa kipindi cha hesabu, chini ya macho yake, na kila Ijumaa tunakaa kupitia nani kati ya watoto wetu anaweza kushushiwa ngazi moja ya msaada wiki inayofuata. Kaka yangu aliniuliza tena juzi lini nitakuwa mwalimu. Nilimweleza kuhusu krediti zilizobaki, na kuhusu yule mvulana wa Nyarugusu, ambaye kwenye IEP yake mpya wamefuta mstari uliosema kwamba anahitaji mtu wa kukaa naye wakati wa kusoma.